Tupeane uzoefu: pendekezo lako la kwanza la utafiti uliliandikaje?

Wakuu, salaam. Nimepitia maandiko kadhaa ya wadogo zetu wa shahada ya kwanza na naona wanateseka kama nilivyoteseka mimi: mtu anatunga mada tamu kwanza, halafu ndipo anaanza kusaka tatizo la kuifaa. Yangu ilikuwa "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana". Msimamizi akapiga mstari chini ya "vijana", pembeni akaandika: wepi? wangapi? wa wapi? Maswali hayo yalininyima usingizi wiki nzima. Mwishowe nikabaki na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa bweni moja, na saa wanazolala. Hapo ndipo tamko la tatizo, yaani maelezo ya tatizo linalochunguzwa, lilipoandikika. Wenzangu, nyie mlikwama wapi?

Mchangiaji wa 2: Kwenye mapitio ya machapisho. Nilijaza kurasa 12 za "fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile". Dada mmoja aliyenitangulia akanichorea jedwali: nani aliuliza nini, kwa njia gani, akapata nini, na safu ya mwisho, ameacha nini. Nilipomaliza kuijaza hiyo ya mwisho kwa makala 15, pengo, yaani swali ambalo hakuna aliyelijibu, likajitokeza lenyewe.

Mchangiaji wa 3: Mimi nilikwama kwenye sampuli, yaani watu wangapi wa kuwasaili. Nilinakili fomula ya Yamane ya 1967 ya kukokotoa sampuli kutoka andiko la mtu: n = N/(1+Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni walengwa wote na e ni kiwango cha makosa. Walengwa 400, kiwango cha makosa 0.05, nikapata 200. Siku ya kutetea pendekezo nikaulizwa, "Utawasaili wote 200 peke yako kwa wiki tatu?" Nikakosa la kusema. Na swali langu lilikuwa kwa nini wanafunzi wanaacha kozi, jambo linalotaka mazungumzo marefu na watu wachache! Jamani, njia ifuate swali.

Mchangiaji wa 4: Msisahau kibali cha utafiti na fomu za ridhaa za washiriki. Kibali changu kilichukua muda mrefu kuliko ukusanyaji wenyewe wa data, ratiba yote ikavurugika. Ombeni mapema.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Mchangiaji wa 2, hizo makala 15 ulizisoma zote mwanzo hadi mwisho?

Mchangiaji wa 2: Hapana. Ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) kwanza, kisha hitimisho. Nne tu ndizo nilizosoma neno kwa neno, na karibu kila nilichonukuu kilitoka humo.