Nyayo House: niwafundisheje wanafunzi yaliyotendeka chini ya jengo lile?

Mwalimu wa Historia, Nakuru
Wenzangu, salaam. Juzi nilikwenda Nairobi kushughulikia pasipoti, na nilipokuwa kwenye foleni ya Nyayo House nilizungumza na vijana watatu ambao hawakujua kwamba chini yetu kuna vyumba ambamo, katika miaka ya 1980, utawala wa Rais Moi uliwafungia watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoupinga utawala huo, wakiwa uchi na maji yakiwa yamejaa sakafuni. Ningependa kulifundisha jambo hili kidato cha tatu. Nianzie wapi?

Mstaafu wa mahakama
Mwalimu, anzia kwenye neno "alikiri". Mtu alifungwa macho, akazungushwa mjini kwa gari, akapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa, na asiposema lililotakiwa alirudishwa gizani. Alipolainika alifikishwa mahakamani jioni, saa za kazi zimekwisha, hana wakili, akakubali mashtaka na kuhukumiwa papo hapo. Mwanafunzi anayesoma kumbukumbu za kesi hizo bila kuonyeshwa njia ile ya lifti atadhani kwamba sheria ilifuatwa.

Mama Wambui
Tafadhali usiwasahau akina mama. Tarehe 28 Februari 1992, wazazi wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, walianza kususia chakula Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale wakongwe wakavua nguo mbele ya askari, tendo ambalo kwetu ni laana nzito mno. Baadaye walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima, hadi wana wao, isipokuwa wachache, walipoachiliwa. Wengi wao hawakuwahi kushika kalamu, lakini serikali iliwaogopa.

Mpwa
Mjomba wangu alishikwa mwaka 1986 na watu ambao hawakujitambulisha. Hadi leo hulala taa ikiwaka, na kabla ya kulala hukagua kila mfereji nyumbani, kwa sababu hawezi kustahimili mlio wa maji yanayodondoka. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba wahanga 21 wa mateso ya Nyayo House walipwe fidia, alizima redio akatoka nje. Nakuomba, Mwalimu, usimwalike mzee yeyote kusimulia mbele ya darasa kabla ya kuketi naye faraghani na kumuuliza ni yapi angependa yasiguswe.

Mwalimu wa Historia, Nakuru
Nimekuelewa, ndugu yangu, na pole sana kwa mjomba. Nitaanza na lifti na akina mama, kisha nimtembelee mzee mmoja wa hapa kijijini, peke yangu, bila daftari.