Naomba ushauri: Mama wa miaka 71 atakaaje kwa raha ndani ya mashua ya mfereji, Uingereza, mwishoni mwa Oktoba?

Mtoto wa Chumbageni aliandika:

Wanajukwaa, asalaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni.

Ninaishi Birmingham pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 8. Mama yangu, ambaye ametimiza miaka 71, amekuja kutoka Tanga kututembelea, na kwa kuwa shule zitafungwa kwa juma moja mwishoni mwa Oktoba, tumekodi mashua ya mfereji kwa siku saba. Tutaichukua karibu na Whitchurch, tuufuate Mfereji wa Llangollen hadi mjini Llangollen, nchini Wales, kisha turudi kwa njia ileile. Kwa wasioyafahamu mambo haya, ni mashua ya chuma yenye urefu wa mita 18 hivi, lakini upana wake ni mita 2.1 tu, kwa sababu loki za mifereji hiyo, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha na kushusha vyombo, zilijengwa kwa kipimo hicho zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ndani mna vitanda, jiko, bafu na choo, vyote vimefuatana kama mabehewa ya treni.

Wasiwasi wangu uko kwa Mama. Tulipovuka mkondo wa Pemba miaka michache iliyopita alitapika njia nzima, na tangu siku hiyo akisikia neno "boti" hubadilisha mazungumzo. Magoti yanamsumbua, baridi ya hapa hajaizoea, na hawezi kukaa mahali ambapo maji ya udhu ni ya kubahatisha. Pia katika safari hiyo kuna daraja la Pontcysyllte, ambalo mashua hupita juu yake hewani. Hilo sijamwambia, kwa kuwa nilitaka liwe jambo la kumshangaza. Naomba aliyewahi kulala ndani ya vyombo hivi anieleze nifanye nini ili mzazi wangu asiione safari hii kuwa adhabu.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Waalaikum salaam, na marahaba mwanangu. Nilitumikia meli kwa miaka mingi kutoka Mombasa, na baada ya kustaafu binti yangu anayeishi Manchester amenichukua mara mbili kwenye mifereji hiyo, basi nitajibu lile la kichefuchefu.

Mwondoe Mama hofu ya mawimbi, kwa sababu hayapo. Mashua hiyo ni nzito, chini ni bapa, na maji ya mfereji mara nyingi hayamfiki mtu mzima kifuani. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6 na ushei, yaani mtu anayetembea kwa haraka kando ya mfereji anaweza kuwaacha. Mtikisiko anaoweza kuuhisi ni wa namna tatu: mtu anapokanyaga ukingo wa mashua kuingia au kutoka, mashua nyingine inapopita mkiwa mmefunga, na omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, inapogonga ukuta wa loki. Wa kwanza ni wa dakika moja. Wa pili unatokana na kamba zilizolegea, kwa kuwa chombo kinachopita huvuta maji nyuma yake na chenu hufuata. Fungeni kamba ya omo ielekee mbele na ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, ielekee nyuma, zote kwa mshazari na zikazwe sawasawa, badala ya kuzishusha wima kama mtu afungaye mbuzi. Nanyi mkipita penye vyombo vilivyofungwa, punguzeni mwendo hata kama hakuna anayewatazama. Wa tatu dawa yake ni kuketi, na birika lisiwe motoni wakati wa kuingia lokini. Bahati yenu, kutoka Whitchurch hadi Llangollen kuna loki mbili tu, zile za New Marton.

Jambo moja wageni wa mfereji ule hawaambiwi mapema. Una mkondo. Maji huingia kutoka mto Dee, juu kidogo ya Llangollen, na kuteremka hadi bwawa la Hurleston, kwa hiyo wakati wa kwenda mtakuwa mkipanda dhidi ya maji na wakati wa kurudi yatawasukuma. Msipange siku za kwenda na za kurudi ziwe sawa. Kumbukeni pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na baada ya hapo jua la huko huzama karibu saa kumi na moja kasorobo jioni. Saa kumi muwe mnatafuta mahali pa kufunga, kwa sababu mashua za kukodi kwa kawaida haziruhusiwi kutembea gizani, na kugongesha chuma kwenye mawe katika giza hakutamfurahisha mzazi wako.

Mkaazi wa Mfereji alijibu:

Kaka, mimi na mume wangu tunaishi ndani ya mashua ya aina hiyo kwa mwaka wa sita sasa, na aliyosema Mzee Nahodha sina la kuyaongeza. Nitazungumzia baridi, kwa kuwa watu wengi huielewa vibaya.

Baridi ya ndani ya mashua hutoka chini. Sakafu iko chini ya usawa wa maji, na nje ya bamba la chuma kuna maji ya Oktoba. Joto la hita hupanda darini, ukasimama kichwa kikitoka jasho na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Msimamishe Mama juu ya zulia au mkeka mnene, mnunulie soksi nzito za sufu na ndara za ndani zenye soli, na akikaa muda mrefu awe na kigoda cha kuinulia miguu. Hayo yatamsaidia kuliko koti la tatu.

Adui wa pili, na kwangu ndiye mkubwa, ni unyevu. Watu watano wanaopumua, kuoga na kupika ndani ya sanduku la chuma hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ukigusa kioo au chuma baridi hugeuka matone. Asubuhi ya kwanza mtaona madirisha yanachuruzika mkadhani paa linavuja. Hata moto wa gesi wenyewe huzaa mvuke unapowaka, mbali na ule wa sufuria, kwa hiyo pikeni huku mmefunika, mfungue dirisha la jikoni kidogo, na mlango wa bafu ufungwe mtu anapooga. Nguo zilizolowa mvua msizitandaze chumbani mnamolala. Godoro linaloegemea ubavu wa mashua lisogezeni upana wa vidole viwili ili hewa ipite, la sivyo shuka la upande huo litakuwa na unyevu kila usiku na mtamlaumu mtoto bure.

Mama mpeni kitanda cha upande wa omo. Injini iko upande wa tezi, na huko pia ndiko watu huingia na kutoka kwa ngazi iliyosimama, ambayo magoti yake hayataipenda. Kwenye omo kwa kawaida kuna kibaraza cha kukaa, na ngazi yake ni fupi zaidi. Mchana akae hapo na blanketi mapajani, ndipo penye mandhari nzuri na kelele kidogo.

Kuhusu udhu, maji ya moto hupashwa na injini inapotembea, na baada ya mwendo wa saa chache tangi huwa la moto kabisa. Asubuhi hubaki ya vuguvugu, jambo la heri, kwa sababu si ungwana kuwasha injini kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi mkiwa karibu na watu wengine. Jazeni tangi la maji safi kila siku mnapopita penye bomba, hata kama halijaisha, na Mama atumie kopo kama nyumbani badala ya kuacha bomba likimwagika. Hili la mwisho nimelijua kwa kuwakaribisha wakwe zangu: kibla kutoka Uingereza ni kusini-mashariki, na mashua ikifungwa vibaya, kibla huangukia ubavuni, ambapo mtu hana nafasi ya kusujudu. Ikiwa Mama anasali ameketi kwenye kiti kwa sababu ya magoti, hamtapata shida. Choo cha mashua ya kukodi mara nyingi kina tangi linalotosha juma zima, lakini vitambaa vya kufutia vyenye unyevu visitupwe humo kamwe. Mwambie hata yule wa miaka 8.

Kibatari alijibu:

Ndugu, mbona mnayakuza mambo? Dari la mashua hizo lina matundu ya hewa, na milango ina mianya chini. Mimi nilipokodi nilichukua gundi ya karatasi nikayaziba yote, tukalala kama tuko Dar es Salaam. Baridi ikizidi, chukua jiko dogo la mkaa, mkimaliza kuchoma nyama nje liingize ndani likiwa na makaa yake.

Mkaazi wa Mfereji alijibu:

Ndugu Kibatari, nakuomba kwa heshima uliondoe shauri hilo, na kaka uliyeomba ushauri usilisome mara ya pili. Matundu hayo yamewekwa makusudi, na kuyaziba wakati kuna jiko la gesi au la kuni ni kujichimbia kaburi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hushika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki kulalamika. Makaa yanayoonekana kuzimika ndiyo huitoa kwa wingi. Kwetu pia watu wamekufa kwa kulala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, na vyumba hivyo vina nafasi kuliko mashua. Siku ya kupokea chombo, mwombe mhusika akuonyeshe king'ora cha gesi hiyo, ukibonyeze usikie kikilia mbele yake. Mtu akiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu ndani, kisha akapata nafuu akitoka nje, zimeni upesi kila kinachowaka mkiwa njiani kutoka, tokeni wote, na mpate msaada wa hospitali kabla ya kurudi ndani.

Jirani wa Wrexham alijibu:

Naishi karibu na daraja hilo, na nimewavusha wageni wengi. Pontcysyllte lilifunguliwa mwaka 1805, lina urefu wa mita 307, na kutoka majini hadi mto Dee ulio chini ni kama mita 38. Maji yamo ndani ya birika refu la chuma. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye uzio, lakini upande wa pili hakuna uzio wowote, ni ukingo wa birika tu, kwa hiyo aliyeketi ndani ya mashua akitazama upande huo huona hewa na vilele vya miti. Kabla ya hapo mtavuka daraja la Chirk la mwaka 1801, lenye kimo cha mita 21, ambalo litampa kionjo, kisha handaki lenye giza na matone ya maji, hivyo awe na kofia.

Nakusihi umwambie Mama mapema. Mtu mzima hashangazwi kwa kimo cha mita 38. Akijua, atachagua mwenyewe kukaa chumbani mapazia yakiwa yamefungwa, au kutembea kwa njia ya miguu ambayo ni tambarare, na mkamkuta ng'ambo. Watoto wakae ndani au mkononi mwa mtu mzima, bila mjadala. Mkikaribia Llangollen mfereji hubana kiasi kwamba mashua mbili haziwezi kupishana, kwa hiyo mtangulize mtu kwa miguu aangalie kama njia ni tupu.

Mtoto wa Chumbageni aliandika:

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee Nahodha na Dada Mkaazi wa Mfereji. Soksi za sufu na kigoda vimenunuliwa, kitanda cha omo kimeandikwa jina la Mama, na gundi ya karatasi haitapanda chomboni.

Jana baada ya chakula cha usiku nilimwonyesha picha ya daraja. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza ni nani atakayeshika kana, yaani mpini wa usukani, siku hiyo. Nilipomjibu kwamba ni mimi, alisema mashua haina neno, ila hapo yeye atavuka kwa miguu.