Naombeni ushauri: nahukumu vipi koti la baridi ambalo sijalishika?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na huwa naandika uchambuzi wa nguo za kiume za madizaina wakubwa, zile za msimu wa baridi za Ulaya zinazoonyeshwa Milan na Paris kila Januari alafu madukani zinaingia baadae mwaka huohuo. Vijana wananisoma na wengine wanakuja na picha niwashonee, kwahiyo nikikosea nawapoteza.

Sasa shida yangu ni sufu. Hapa kwetu Januari jasho linakutiririka ukiwa umekaa tu, vitambaa vile vizito dukani hamna, naishia kuangalia picha. Nimejaribu kutazama video pole pole nione kitambaa kinavyoanguka modo akitembea, nikanunua na koti refu la mtumba nikalifumua bitana, ndani nikakuta kanvasi (kile kitambaa kigumu cha kulipa koti umbo) imeshonwa kwa mkono, vishono vidogo vidogo vya mshazari mpaka kwenye ukosi, kwa kweli nilikaa nalo jioni nzima. Ila hilo ni koti moja la zamani.

Naomba kujua kwa mliowahi kuishi kwenye baridi au kushona sufu: kwenye picha au video unatambuaje kitambaa kizito kweli na kile kilichogandishwa gundi tu? Na je ni haki niandike kwamba koti halifai wakati sijawahi kulivaa kwenye baridi yenyewe, au niishie kwenye mshono na mabega tu?