Injinia akishatajirika, ajenge maabara ya chuo au alipie wanafunzi ada?

FundiWaya:
Wakuu, nimekuwa nafuatilia stori ya Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, yule mwenye kampuni ya simu za mkononi ya Econet. Jamaa kasoma uhandisi wa umeme na elektroniki Wales, kamaliza 1983, karudi nyumbani akaajiriwa shirika la simu la serikali, akaona mambo hayaendi akaacha kazi na kuanza kampuni yake ya kufunga umeme. Akataka kuleta simu za mkononi, serikali ikakomaa kwamba simu ni zake peke yake, kesi ikamla miaka mitano hivi, 1998 ndo mtandao ukawaka. Sasa mtu kasota hivyo halafu 2012 anatoa dola milioni 6.4 kupeleka vijana 40 wa Kiafrika chuo cha Morehouse, Atlanta. Nimepiga hesabu, dola 160,000 kwa kichwa!! Si angejenga maabara Harare ikasomesha maelfu?

Mzee_wa_Fyuzi:
Hao 40 ni kijipande tu mkuu. Yeye na mkewe walianza mfuko wa kusomesha yatima 1996, yani hata laini ya kwanza haijaita, kesi bado inamtoa jasho. Na mahakamani alibanana nao kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, kwamba ukimnyima mtu simu umemziba mdomo. Hapo ndo nilimvulia kofia.

binti_saketi:
Mi nimesomeshwa na mfadhili, simtaji. Ada ililipwa fresh ila hela ya kujikimu ilichelewa miezi mitatu, projekti ya mwisho nikaifanya kwa kompyuta ya kuazima, nasubiri mwenyewe alale ndo naanza. Ila hayo maabara nayo jamani... tulikuwa na osiloskopu (kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) mpya ya msaada imefunikwa kitambaa cha meza, waya zake za kupimia zilipotea na bajeti ya kununua zingine hakuna, so tukawa tunaionyesha wageni tu.

Kondakta2:
@binti_saketi umegonga penyewe. Angalia Irwin Jacobs wa Qualcomm, ile kampuni ya Marekani ya chipu za simu, kafundisha chuo cha MIT na chuo kikuu cha California pale San Diego miaka kibao kabla ya kuwa tajiri, kampuni kaianzisha na wenzake 1985. 2013 yeye na mkewe wakatoa dola milioni 133 kwa taasisi ya pamoja ya vyuo vya Cornell (Marekani) na Technion (Israeli) kule New York. Vyuo vya wenzetu mchango mkubwa mara nyingi unawekezwa, chuo kinakula faida, mtaji hauguswi, kwa hiyo waya zikipotea kuna pa kuchota.

FundiWaya:
Osiloskopu ya kitambaa cha meza imenimaliza aisee 😂 basi maabara nafuta. Ila hao 40 bado wananiwasha, walirudi kweli? Japo najua mtaniambia Masiyiwa mwenyewe alirudi.

Mzee_wa_Fyuzi:
Alirudi, wakamkaribisha na kesi.