Milinganyo mitatu, herufi tatu, kila nikimaliza napata 0 = 0. Nakosea wapi?

Kisichojulikana (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Nimekwama tangu saa kumi na mbili jioni, sasa inagonga saa nne. Nina milinganyo mitatu yenye x, y na z. Nimejaribu njia ya kuondoa, nimejaribu kuweka badala, nimeanza na x, nimeanza na z. Kote naishia 0 = 0. Ingekuwa 0 = 5 ningesema haina jibu nikalala. Swali langu ni moja tu: nikipata namba tatu zinazokubali kwenye milinganyo yote mitatu, si ndilo jibu hilo? Kazi inakusanywa kesho asubuhi.

Pembe Butu
0 = 0 ni kweli tupu, mkuu. Umefaulu. Kalale.

Bi Mabano
Weka milinganyo hapa. Hatupigi ramli.

Mzee wa Alama
Kijana, hiyo ni alama ya kutoa, huna haja ya kutafuta mbali. Mimi enzi zangu nilisumbuka siku mbili na −(y − 3). Nilipofungua mabano niliandika −y − 3 badala ya −y + 3, na kila nikirudia hesabu nilirudia kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi. Siku ya tatu mdogo wangu akapita, akachungulia begani, akasema "hapo kaka," akaenda zake. Mpaka leo sijamsamehe. Panga x chini ya x, y chini ya y, na usifanye hesabu kichwani. Nyie wa siku hizi mnakimbilia simu kabla ya kalamu.

Kisichojulikana
Mzee shikamoo. Alama nimezikagua mara nne. Nilitaka kujua kanuni kwa ujumla tu, sidhani kama kuna haja ya kuweka swali lenyewe.

Bi Mabano
Mficha maradhi kifo humuumbua. Weka.

Kisichojulikana
Haya.
x + y + z = 12
2x − y + z = 7
3x + 2z = 19
Jibu ninalo: x = 1, y = 3, z = 8. Jaribuni wenyewe, inakubali yote mitatu. Shida yangu ni hiyo 0 = 0 tu, isije ikaonekana kwenye daftari.

Determinanti
Kanuni ya Cramer, njia ya kutatua milinganyo kwa kugawa aliyoichapisha mwaka 1750, inamaliza ubishi mapema. Chukua namba zilizobeba herufi, zipange safu tatu: 1, 1, 1, kisha 2, −1, 1, kisha 3, 0, 2. Determinanti yake, yaani namba moja inayopatikana kwa kuzizidisha, kuzijumlisha na kuzitoa hizo tisa kwa mpangilio maalumu, ni −2 − 1 + 3 = 0. Cramer anataka ugawe kwa hiyo namba, na kugawa kwa sifuri hakuna. Kwa hiyo jibu moja la pekee hupati, hata ukeshe.

Pembe Butu
Mtu ana maumivu, wewe unamsomea vipimo.

Bi Mabano
Tulia, uone kwa macho bila Cramer. Jumlisha mlinganyo wa kwanza na wa pili. x na 2x ni 3x. y na −y zinauana. z na z ni 2z. 12 na 7 ni 19. Umepata nini? Mlinganyo wako wa tatu, herufi kwa herufi. Sasa niambie ukweli, huo wa tatu umeutoa wapi?

Kisichojulikana
Unajua, tulifundishwa kwamba herufi tatu zinataka milinganyo mitatu. Swali lilitoa miwili. Nikajumlisha ile miwili nikapata wa tatu. Sijaona kosa, kujumlisha kunaruhusiwa.

Pembe Butu
Hahahaha! Umejiandikia barua ya utambulisho, ukaisaini mwenyewe, ukaipeleka dirishani mwenyewe!

Bi Mabano
Kujumlisha kunaruhusiwa, ila hakuleti habari mpya. Huyo shahidi wa tatu ni mwangwi wa wawili wa kwanza, na 0 = 0 ndiyo mahakama inakwambia "hilo tumeshalisikia." Fikiria hivi: kila mlinganyo wa herufi tatu ni bapa, kama ukurasa. Kurasa mbili zikikatana zinaacha mstari. Ukurasa wa tatu ungekatisha ule mstari, ungepata nukta moja, yaani jibu moja. Wako umeshonwa kwenye uti ule ule wa kitabu, kwa hiyo uti mzima ni majibu.
Chagua x yoyote. z ni (19 − 3x) ÷ 2, na y ni (x + 5) ÷ 2. Ukiweka x = 1 unapata 1, 3, 8 yako. Weka 3 unapata 3, 4, 5. Weka 5 unapata 5, 5, 2. Weka 7, z inakuwa −1. Weka nusu, weka robo, zote zinakubali.

Kisichojulikana
Kwa hiyo 1, 3, 8 ni sahihi. Asante sana. Naomba tuishie hapo.

Bi Mabano
Ni sahihi kama majibu mengine yasiyohesabika. Mtunga swali alitaka moja.

Kisichojulikana
Lakini imeshaandikwa kwa wino.

Mzee wa Alama
Wino tena! Hesabu ni penseli, kijana.

Safu kwa Safu
Hiyo njia ya kuondoa watu huiita ya Gauss, lakini Wachina waliifanya kwa vijiti vya kuhesabia karne nyingi kabla Gauss hajazaliwa mwaka 1777. Walipanga namba kwa safu ubaoni, wakazidisha safu, wakatoa safu. Hata namba hasi walikuwa nazo, kwa vijiti vya rangi tofauti. Nilijifunza hayo wakati natafuta namna ya

Pembe Butu
Samahani mkuu, kuna mtu analia hapa.

Kalamu Nyekundu
Ngojeni. Mimi nimekaa pembeni nasoma. 3, 4, 5, jumla 12. Hamuoni? Hiyo ni pembetatu mraba inayojulikana kuliko zote. Hakuna mtu anayeokota namba hizo njiani. Hii ni chai, wakuu. Mleta uzi ni mwalimu, katunga swali, anatupima kama tutaligundua, kesho anaenda kutucheka.

Determinanti
Sasa naona. Mzingo 12. Daah, tumeuziwa.

Mzee wa Alama
Kama ni mwalimu, nairudisha ile shikamoo.

Bi Mabano
Mleta uzi, swali linasemaje? Neno kwa neno.

Kisichojulikana
Mimi si mwalimu jamani. Swali ni la mtoto wa dada yangu. "Pembetatu mraba ina mzingo wa 12. Upande mfupi ni x, wa kati y, mrefu kuliko zote z. Mara mbili ya mfupi, ongeza mrefu, toa wa kati, unapata 7. Tafuta pande zote." Pembetatu niliiacha kwa sababu ingeleta vipeo vya pili, na sura yenyewe ni ya milinganyo ya mstari. Nilidhani ni mapambo ya swali. Nikamwambia binti aandike 1, 3, 8. Ananiamini sana katika hesabu, ndiyo sikutaka kulisema hili.

Bi Mabano
Mapambo! Kwenye pembetatu mraba, vipeo vya pili vya pande mbili fupi ukivijumlisha unapata cha upande mrefu. Huo ndio mlinganyo wako wa tatu: x² + y² = z². Ingiza y na z nilizokupa, zidisha kote kwa 4, panga upande mmoja, unabaki na x² − 31x + 84 = 0. Yaani (x − 3)(x − 28) = 0. Ukiweka 28, z inakuwa −32.5, na upande hasi haupo. Inabaki 3, 4, 5, peke yake.

Kalamu Nyekundu
Oneni inavyojipanga. Mjomba, mtoto, wino, namba zimekaa kama sare. Chai hii sukari imezidi.

Kisichojulikana
Amini usiamini. Wakati mnabishana, binti amechukua rula kuchora pembetatu pembeni ya jibu. Kachora mstari wa sentimita 8, upande huu kaweka ya 1, upande ule ya 3. Ncha hazikutani, katikati pamebaki wazi sentimita nne. Ananiuliza, "Mjomba, hizi zinakutania wapi?"

Pembe Butu
Mwambie zinakutania kwenye uzi.

Kisichojulikana
Nimemwambia rula ina kasoro, akalete nyingine. Haraka jamani: wino wa bluu unafutikaje bila karatasi kutoboka?

Bi Mabano
Fungua uzi mwingine. Na safari hii anza na swali lote.