Benchi limegoma kwenye kilo 60: ninunue unga wa protini, nibadili ratiba au niongeze msosi?

Chuma Kipya
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 24, uzito umepanda kutoka kilo 58 hadi 64 tangu nianze kubeba vyuma mwaka jana. Miezi ya mwanzo kila wiki nilikuwa naongeza uzito. Sasa benchi (kulala chali na kusukuma nondo juu) limegoma kwenye kilo 60, naishia kuisukuma mara sita kwa seti (mfululizo mmoja bila kupumzika), skwati (kuchuchumaa na nondo mabegani) nayo imesimama, na kwenye kioo sioni tofauti.

Ratiba: Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mabega, Alhamisi mikono, Ijumaa miguu kama sijachoka. Nafanya kazi dukani Kariakoo, nasimama kutwa. Kwa mwezi naweza kutenga elfu 60. Kule jimu mmoja ananiambia ninunue unga wa protini, mwingine nibadili ratiba, mwingine nile tu. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa hela.

Kocha wa Mtaani
Mkuu, wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli uliyo nayo tayari. Nyama yenyewe inakuja polepole. Kwa hiyo kasi kupungua ni jambo la kutarajiwa, ila kusimama kabisa kuna sababu yake.

Mimi naishuku ratiba. Kifua unakipiga mara moja, kisha kinakaa wiki nzima. Na miguu ya "kama sijachoka" haiwezi kupandisha skwati. Kwa anayeanza, siku tatu za mwili mzima zinatosha: kila siku skwati, zoezi moja la kusukuma, moja la kuvuta. Kila msuli ufikishe kama seti 10 kwa wiki. Kati ya seti nzito pumzika dakika mbili hadi tatu. Vijana wengi wanapumzika nusu dakika, seti ya tatu wanaifanya wakiwa wameshaisha.

Kisha shusha benchi hadi kilo 50. Seti tatu, anza na mara 8. Siku utakayofikisha mara 12 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo mbili na nusu, urudi 8. Andika kwenye daftari kila siku, kichwa kinasahau.

Mama Tizi
Kocha, ratiba nzuri bila chakula haijengi kitu. Kaka, kwa siku unakula nini?

Chuma Kipya
Asubuhi chai na chapati mbili. Mchana wali maharage kwa mama ntilie. Usiku ugali na mboga iliyopo. Nikitoka jimu nakunywa mayai mawili mabichi.

Mama Tizi
Anza na hayo mayai. Yachemshe. Yai lililoiva mwili unachukua karibu asilimia 90 ya protini yake, bichi kama nusu tu, achilia mbali hatari ya bakteria wa salmonela.

Sasa hesabu. Anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwako ni gramu 102 hivi kwa siku. Mayai manne ni 24. Dagaa wakavu gramu 40, kiganja kimoja kilichojaa, ni kama 24 nyingine. Sahani ya maharage 18 au zaidi kidogo. Maziwa nusu lita 16. Karanga gramu 50 ni 12. Wali, ugali na chapati zinamalizia. Hakuna kopo hapo, ni sokoni na dukani kwa Mangi.

Ongeza pia chakula chenyewe, si protini tu. Unasimama kutwa, mwili unachoma. Uji wa ulezi wenye karanga ya kusaga asubuhi badala ya chai tupu, parachichi mchana. Jipime kila Jumapili kabla ya kula. Usipopanda hata robo kilo kwa wiki mbili, bado unakula kidogo.

Mlinzi wa Usiku
Wadau, niko Nairobi, nafanya kazi shifti ya usiku, na hapa natofautiana na dada kidogo. Saa tisa usiku getini hakuna wa kunipikia dagaa. Kijiko kimoja cha kupimia, kile kikubwa cha ndani ya kopo la unga, kinanipa gramu 20 na zaidi za protini, natikisa na maji, kwisha. Kwa mtu kama mimi unga unafaa.

Ila kwa huyu kijana mwenye mama ntilie jirani, hiyo elfu 60 ikibaki chenji ningeiweka kwenye kreatini monohidreti, unga wa kuipa misuli nguvu ya kubeba vizito. Gramu 3 hadi 5 kila siku, basi. Uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili mapema, hayo ni maji ndani ya misuli, usishangilie bado. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kwanza.

Bado Mwembamba
Samahani kwa kuingilia. Jimu kwetu kuna jamaa anauza sindano, anasema miezi miwili tu umeshavimba. Kuna aliyejaribu?

Kocha wa Mtaani
Mdogo wangu, usichome. Ukiingiza testosteroni (homoni ya kiume) ya nje, mwili unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua. Mafuta mazuri ya damu yanashuka, moyo unaumia bila wewe kujua. Na hujui kilichomo kwenye ile chupa. Nitumie ratiba yako faragha, tutaipanga pamoja.

Fundi Vyuma
Chuma Kipya, swali moja. Hiyo kilo 60 umeipima au umeisoma?

Chuma Kipya
Nimeisoma. Vyuma ni vya kuchomelea, namba zimeandikwa kwa rangi. Kila upande 20, na nondo wanasema 20.

Fundi Vyuma
Nondo ya kiwandani ya mashindano ya wanaume ni kilo 20. Za mtaani zinatofautiana sana, na bamba hukatwa kwa makadirio. Vipeleke kwa muuza chuma chakavu, ana mizani.

Chuma Kipya
Nimerudi wakuu. Nondo ni 17. Chuma kimoja 23 na nusu, kingine 20 na nusu. Upande mmoja umezidi kilo tatu! Mkono wangu wa kushoto ndio unaokwama kila mara, na hicho kizito kwa mazoea hukaa kushoto. Nimeviwekea alama ya chokaa.

Wiki hii naanza siku tatu za Kocha, na hela inaenda kwenye trei za mayai na dagaa. Kreatini mwezi ujao. Tatizo limebaki moja: kwetu chuma kidogo kabisa ni cha kilo 5, kila upande kimoja, narukia kilo 10 kwa mpigo. Hiyo mbili na nusu naipata wapi?

Kocha wa Mtaani
Ndiyo maana benchi limegoma. Kutoka 50 hadi 60 ni moja ya tano ya mzigo wote, hata mzoefu angekwama.

Fundi Vyuma
Tafuta vipande viwili vya bamba kwenye karakana, wengi wanavitupa. Fundi avitoboe tundu la upana wa nondo yako, avisage kidogo kidogo hadi kila kimoja kifike kilo moja na robo. Simama naye hapo na mizani, na kingo azipige tupa zisikukate vidole.