Naomba ushauri: GrapheneOS kama simu ya kila siku

Habari zenu wakuu. Nina Pixel (simu ya Google) niliyoiwekea GrapheneOS, yaani mfumo wa Android uliotengenezwa kulinda faragha; hadi sasa ni simu yangu ya pili, na nataka niibakize hiyo peke yake. Kilichonivutia ni uwezo wa kuinyima programu yoyote intaneti. Kibodi yangu, kwa mfano, haina ruhusa ya mtandao hata kidogo, kwa hiyo ninachoandika hakitoki humo. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana simu inajua siri zetu kuliko ndugu. Kamera na betri sina shida nazo.

Kinachonikwamisha ni benki. Nimeweka huduma za Google Play, ambazo humu zinakaa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya ziada, lakini programu ya benki bado inagoma, inadai mfumo wa simu haujaidhinishwa. Kulipa kwa kugusisha simu kupitia Google Wallet nimeshakata tamaa.

Mnaoitumia kila siku, benki mnaipataje? Mnaingia kwa kivinjari, au mmebaki na simu ya zamani kwa kazi hiyo tu? Na huduma za Google mkiziweka kwenye wasifu wa pembeni (akaunti nyingine ya mtumiaji ndani ya simu hiyo hiyo), arifa za ujumbe zinafika kwa wakati?